Kiti Kikibaki Wazi, Nani Atatoa Tangazo?

Ijumaa ya tarehe 12 Januari 2018, wakazi wa Nairobi walipata habari kwamba naibu gavana wao, Polycarp Igathe, anaondoka kazini. Habari hiyo haikutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, wala hakuna karani aliyeibandika kwenye ubao wa matangazo. Igathe aliiandika mwenyewe kwenye Twitter: mwisho wa mwezi anaachia ngazi, kwa kuwa ameshindwa kupata imani ya gavana, Mike Sonko. Alikuwa amekaa ofisini miezi mitano tu.

Kiti alichokiacha kilikaa kitupu karibu miaka mitatu.

Msikilizaji anaweza kuuliza, jiji lenye mamilioni ya watu linawezaje kukaa muda wote huo bila naibu wa mkubwa wake? Jibu halimo kwenye siasa peke yake. Limo pia kwenye karatasi: barua ya kujiuzulu inaandikwa kwa nani, notisi inachapishwa lini, hesabu ya siku inaanza wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba kiti sasa ki wazi. Mtu anaweza kuondoka leo, lakini kwa macho ya sheria kiti chake kinakuwa wazi pale tu utaratibu uliowekwa unapofuatwa. Nafasi iliyopo kati ya siku ya kuondoka na siku ya tangazo ndiyo watu wa siasa huifanyia kazi usiku na mchana.

Kwanza, mambo yalivyopangwa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 Kenya haina tena meya wa kuchaguliwa. Mabaraza ya miji ya zamani yalivunjwa, na madaraka yaliyokuwa mikononi mwa meya wa Nairobi, Mombasa au Nyeri yakaingia kwenye serikali za kaunti chini ya gavana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 182, inataja milango mitano ambayo gavana anaweza kutokea: kufariki, kujiuzulu kwa maandishi, kupoteza sifa za kugombea, kuhukumiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha miezi 12 au zaidi, na kuondolewa kwa utaratibu wa Katiba yenyewe. Barua ya kujiuzulu haipelekwi kwa rais wala kwa wananchi. Inapelekwa kwa spika wa bunge la kaunti.

Akitoka gavana kwa mlango wowote kati ya hiyo, naibu wake anashika hatamu hadi mwisho wa muhula. Viti vyote viwili vikiwa vitupu, spika wa bunge la kaunti anakaimu, na uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 60 tangu spika huyo ashike ofisi.

Pale naibu anapokuwepo, mpango huu unafanya kazi bila kelele. Nyeri ni shahidi. Mwaka 2017 peke yake kaunti hiyo ilipitia mikononi mwa magavana wanne. Nderitu Gachagua alifariki London mwezi Februari, na naibu wake Samuel Wamathai akaapishwa siku tatu baadaye. Mwezi Agosti wananchi wakamchagua Wahome Gakuru. Tarehe 7 Novemba Gakuru akafa katika ajali ya barabarani, na naibu wake Mutahi Kahiga akachukua nafasi. Watu walizika, wakaomboleza, na ofisi haikufungwa. Bomet nayo, alipofariki Joyce Laboso tarehe 29 Julai 2019, naibu wake Hillary Barchok aliapishwa tarehe 8 Agosti. Hakuna aliyekimbilia mahakamani kuuliza nani anasaini hundi.

Shida inaanza pale anapokosekana naibu mwenyewe. Walioandika Katiba walieleza kwa urefu nini kifanyike gavana akitoka, lakini hawakuandika neno juu ya namna ya kumpata naibu mpya. Ukimya huo uligunduliwa mapema katika kaunti ya Embu. Spika wa bunge la kaunti hiyo alipeleka swali mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2015: kiti cha naibu gavana kikiwa wazi, kinajazwaje? Jibu lilichukua takriban miaka mitatu kufika. Mwezi Machi 2018 majaji walitoa maoni yao ya ushauri. Walichota mfano kutoka kifungu kinachohusu naibu wa rais, wakasema gavana ateue jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60.

Maoni hayo yalitoka wiki chache baada ya Igathe kufungasha vitu vyake. Kwa hiyo Nairobi haikuwa na kisingizio. Siku 14 zilijulikana, siku 60 zilijulikana. Kilichokosekana ni adhabu kwa gavana asiyezifuata. Mwezi Mei Sonko alipeleka jina la Miguna Miguna, mwanasheria aliyekuwa amefukuzwa nchini miezi michache kabla, na jina likagonga mwamba bungeni. Baada ya hapo mwaka 2018 ukaisha, na 2019 nao ukakaribia kuisha, naibu hayupo.

Tarehe 6 Desemba 2019 Sonko alikamatwa mjini Voi kwa tuhuma za ufisadi. Alipofikishwa mahakamani na kupewa dhamana, alipigwa marufuku kukanyaga ofisini kwake kesi ikiendelea. Hapo ndipo uzito wa kile kiti kitupu ulipoonekana. Gavana yupo lakini haruhusiwi kuingia kazini. Naibu hayupo. Spika naye hawezi kukaimu, kwa kuwa kisheria kiti cha gavana hakijawa wazi: mwenye kiti hajafa, hajajiuzulu, hajahukumiwa na hajaondolewa. Jiji la Nairobi lilikuwa na mkubwa kwenye karatasi na halikuwa na mkubwa mezani.

Mapema Januari 2020 Sonko alimteua Anne Kananu kuwa naibu. Jina lake nalo likakwama mahakamani, baada ya mpiga kura mmoja kupinga uteuzi huo. Tarehe 25 Februari, Ikulu, gavana akatia saini hati ya kukabidhi kazi nne za kaunti kwa serikali ya taifa, zikiwemo afya na uchukuzi. Usimamizi ukaenda kwa idara mpya iliyoongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Wananchi waliokuwa wamechagua gavana na naibu wake mwaka 2017 wakajikuta takataka zao zinazolewa kwa amri ya jenerali.

Sura ya mwisho ilikwenda mbio. Tarehe 3 Desemba 2020 wawakilishi wa wadi 88 walipiga kura ya kumng'oa Sonko. Tarehe 17 Seneti ikathibitisha. Tarehe 21 Spika Benson Mutura akaapishwa kuwa kaimu gavana, na kuanzia siku hiyo saa ya Katiba ikaanza kugonga: siku 60, zikiisha tarehe 19 Februari 2021. Tume ya uchaguzi ikachapisha notisi kwenye Gazeti Rasmi kwamba uchaguzi mdogo utafanyika tarehe 18 Februari. Ilibakiwa na siku moja tu ya akiba.

Kuanzia hapo Nairobi ilikuwa na mbio mbili kwa wakati mmoja. Za kwanza zilikuwa za wagombea waliokuwa wakitafuta tiketi za vyama na pesa za mabango. Za pili zilikuwa za wale walioona kwamba, akipatikana naibu kabla ya siku ya kura, hakutakuwa na haja ya kura. Sonko mwenyewe alikwenda kortini kupinga kuondolewa kwake, na mwezi Januari Mahakama Kuu ikasimamisha uchaguzi. Kesi iliyokuwa imemzuia Kananu nayo ikaondolewa. Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2021 Kananu alipigwa msasa na bunge la kaunti, akaidhinishwa na kuapishwa kuwa naibu gavana, yote hayo siku moja. Kiti kilichokuwa kimekaa kitupu tangu Januari 2018 kilijazwa kwa saa chache.

Notisi ya uchaguzi ilikuwa imechapishwa kwa utaratibu, tarehe imetajwa, wapiga kura wamearifiwa. Uchaguzi huo haukufanyika kamwe. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walithibitisha mwezi Juni kwamba Sonko aliondolewa kihalali, rufaa zikaendelea, na tarehe 16 Novemba 2021 Kananu akaapishwa kuwa gavana kamili. Alimaliza muhula hadi Agosti 2022 bila jina lake kupigiwa kura hata moja na mwananchi wa kawaida kwa nafasi hiyo. Mahakama ya Juu ilikuja kufunga mjadala wa Sonko Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu.

Hakuna hatua hata moja katika hizo iliyofanyika gizani. Kila moja ilikuwa na hati yake, muhuri wake na tarehe yake. Swali ni, hati hizo zilisomwa na nani?

Gazeti Rasmi la Kenya limekuwa likichapwa tangu 1899. Hutoka kila Ijumaa, na toleo maalum linaweza kutoka siku yoyote. Humo ndimo uteuzi hutangazwa, uchaguzi mdogo hupewa tarehe, na viti hutamkwa kuwa wazi. Humo humo ndimo msajili wa ardhi huandika kwamba hati ya kiwanja fulani imepotea, na kwamba asipotokea mtu wa kupinga ndani ya siku 60, hati mpya itatolewa. Familia ambazo kiwanja cha baba yao kimeandikiwa hati mpya kwa jina la mtu mwingine hujua thamani ya siku hizo 60, mara nyingi zikiwa zimekwisha pita. Notisi huandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, ingawa Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa macho ya sheria kila Mkenya ameisoma. Kwa macho ya kawaida husomwa na mawakili, makarani wa benki na madalali.

Tanzania hufuata mtindo huohuo wa Gazeti la Serikali, na kila tangazo lina nambari yake, ile inayojulikana kwa wanasheria kama TS. Lakini huko kuna hatua moja ya ziada: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Halmashauri ya mji inayotaka kutunga sheria ndogo, tuseme ya ushuru wa soko, hutakiwa kwanza kutangaza kusudio lake ili wanaoguswa watoe maoni au pingamizi, ndipo iombe idhini ya waziri. Muuza nyanya anayepita mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ana uwezo wa kuisoma karatasi ile mwenyewe. Kama ubao uko uani, nyuma ya lango lililofungwa, hilo ni jambo jingine.

Majaji wamewahi kuulizwa tangazo linatosha lini. Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria ya fedha ya mwaka 2013 iliyopandisha ada na ushuru wa biashara. Wakazi wakaenda kortini wakidai hawakushirikishwa. Kaunti ikajitetea kwamba ilitoa tangazo gazetini. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria hiyo nzima. Kwa maelezo yake, kuweka tangazo gazetini na kuketi hakutoshi. Bunge la kaunti linapaswa kuwafuata watu pale wanapokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza ya hadhara, na kwenye redio za taifa na za lugha za kienyeji. Redio ilitajwa kwa jina, na tangu siku hiyo mawakili wamekuwa wakiirudia hukumu hiyo kila kaunti inapopitisha ushuru kimyakimya.

Hata hivyo hukumu ya Kiambu inahusu kutunga sheria. Kiti kikiwa wazi, hakuna jaji aliyesema kwamba lazima wananchi wafuatwe misikitini waambiwe.

Wazee wa miji ya Afrika Mashariki watasema kwamba hali ya sasa ni nafuu, na wana hoja. Wakati wa mameya kiti hakikuwa kinaachwa wazi kwa kifo au barua peke yake. Kilikuwa kinafutwa. Nairobi, mji uliopata hati ya jiji mwaka 1950, ilikuwa na mameya wenye majina makubwa: Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo mwaka 1962, na Margaret Kenyatta, mwanamke Mwafrika wa kwanza, aliyeshika kuanzia 1970 hadi 1976. Mwezi Machi 1983 waziri wa serikali za mitaa, Moses Mudavadi, alisimamisha baraza lote la jiji akitaja usimamizi mbovu wa fedha. Meya Nathan Kahara akatoka pamoja na madiwani wake. Tume ya watu walioteuliwa ikawekwa kwa muda, na muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, hadi 1992. Kwa takriban miaka tisa mji mkuu wa Kenya haukuwa na meya, na kisheria hakuna kiti kilichokuwa wazi, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kimeondolewa mezani.

Dar es Salaam imepitia njia hiyo zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1970, sera ya madaraka mikoani ilifuta mabaraza ya miji kote Tanzania Bara. Mifereji ikaziba, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia mijini, na mwaka 1978 serikali ikayarudisha. Mwaka 1996 baraza la jiji la Dar es Salaam likavunjwa tena, na tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikashika jiji hadi 2000. Wapo wanaokumbuka miaka ya Keenja kwa barabara zilizosafishwa na taka zilizozolewa, na ndiyo maana mjadala huu si mwepesi: mji usio na meya unaweza kuwa msafi.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 Dar es Salaam ilikuwa na madiwani wapya lakini haikuwa na meya. Nchini humo meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Madiwani humchagua mmoja wao. Vyama vya upinzani vilivyoungana vilikuwa na wingi wa kura, na vikao vya uchaguzi vikaitishwa na kuahirishwa, kimoja katika hali ya vurugu baada ya kutolewa maelezo kwamba kuna zuio la mahakama. Isaya Mwita wa Chadema alichaguliwa tarehe 22 Machi 2016, takriban miezi mitano baada ya wananchi kupiga kura. Januari 2020 madiwani walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, na ubishi ukawa juu ya akidi: je, wajumbe waliokuwemo ukumbini walitimia? Mwaka uliofuata, Februari 2021, Rais John Magufuli alilivunja baraza la jiji lenyewe na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Waliokuwa wakibishana juu ya kiti wakabaki bila kiti.

Majiji mapya ya Kenya nayo yana utaratibu wake. Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024, baada ya sheria kushusha kiwango cha wakazi kutoka 500,000 hadi 250,000. Majiji hayo hayana meya. Yana bodi na meneja. Sehemu ya wajumbe huteuliwa na serikali ya kaunti, na wengine hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta isiyo rasmi na mitaa ya makazi, na bodi humchagua mwenyekiti wake yenyewe. Kwa hiyo nafasi ikiwa wazi kwenye bodi ya Eldoret, anayepaswa kupata habari mapema ni mama anayeuza mitumba ambaye chama chake kina haki ya kupendekeza jina. Asipoambiwa, jina litapendekezwa na mwingine, kwa niaba yake.

Kesi nyingine ya karibuni inatoka Meru, Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2024 Seneti ilipiga kura kumwondoa Gavana Kawira Mwangaza. Siku hiyohiyo Spika wa Seneti, Amason Kingi, alichapisha notisi kwenye Gazeti Rasmi kwamba kiti cha gavana wa Meru kimekuwa wazi. Na siku hiyohiyo Jaji Bahati Mwamuye akatoa amri ya kusimamisha uamuzi wa Seneti pamoja na notisi yenyewe. Kati ya chapa na amri hazikupita saa 24. Mwangaza aliendelea kuwa gavana kwa karibu miezi saba, akisaini nyaraka za kaunti ambayo Gazeti Rasmi lilikuwa limekwisha kusema haina gavana.

Tarehe 14 Machi 2025 Jaji Mwamuye alitupilia mbali kesi yake, na siku tatu baadaye naibu, Isaac Mutuma, akaapishwa. Kwa kuapishwa kwake kiti cha naibu gavana wa Meru kikawa kitupu, na siku 14 zilizotamkwa na Mahakama ya Juu kwa swali la Embu zikaanza kuhesabiwa.